Makapi ya Dawa Njiani Shangping

Zhangshu, 9 Oktoba 1987

Dada Meiyun mpenzi,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa naona aibu. Matokeo ya mtihani wa chuo yalitoka Agosti, nikapungukiwa alama kumi na moja. Baba alikwenda nyuma ya nyumba akapasua kuni mpaka chakula kikapoa. Mama akasema msichana mwenye mikono safi hakosi kazi, na wiki iliyofuata nikapelekwa dukani kwa Babu.

Duka la dawa unalijua, umekulia humo kama mimi. Tofauti ni kwamba sasa nasimama upande wa ndani wa meza, nina mizani yangu ya mkono, na Babu amenikabidhi droo zote za upande wa mashariki. Binamu Kang alicheka aliposikia, nami sikujua kwa nini. Siku ya pili ndipo nikajua. Hizo ndizo droo za dawa za wanaume wanaotafuta mtoto.

Nilimwomba Babu anibadilishie, akakataa. Akasema amenichagua mimi makusudi, kwa kuwa siinui uso. Mwanaume akihudumiwa na mtu asiyeinua uso, anaondoka akijiona kama hakuonekana na mtu.

Dada, hakuna hata mmoja anayekuja kwa shida yake. Wote wanaumwa mgongo, au wametumwa na rafiki. Juzi alikuja mtu mnene mwenye kofia ya afisa, akanong'ona kwamba mgongo unamsumbua. Shangazi Xiong, yule muuza tofu, alikuwa anasubiri nyuma yake, akamuuliza ni mgongo gani huo unaotaka kuitwa baba. Duka zima likacheka. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mizani, lakini naapa hata mizani ilikuwa inatetemeka.

Sasa jambo lenyewe. Muuza uyoga wa kutoka huko kwenu amemwambia Mama kwamba unakunywa dawa kila asubuhi tangu masika. Mama alilia kidogo, kisha akaniambia nisikuulize. Nakuuliza.

Mdogo wako,
Meiqing


Shangping, 27 Oktoba 1987

Meiqing, mdogo wangu mwenye aibu,

Alama kumi na moja si kitu. Mimi sikufika hata kwenye hicho chumba cha mtihani, na bado natembea kwa miguu miwili. Nimecheka sana kusoma habari za migongo ya Zhangshu. Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nakata majani ya nguruwe, mpaka mavyaa akaniuliza kama nimeingiwa na pepo.

Ndiyo, nakunywa dawa. Ningekuandikia mwenyewe, ila nilidhani itaisha haraka. Huu ni mwaka wa tatu tangu nije nyumba hii na sijabeba mimba. Mwezi wa tatu shemeji yako Youfu alishuka wilayani kununua misumari, akarudi na karatasi ya daktari, akampa mama yake. Akasema daktari ameagiza Meiyun anywe hii. Daktari hakuniona, lakini Youfu anasema alimweleza hali yangu vizuri. Tangu siku hiyo mavyaa anaichemsha mwenyewe kabla jua halijachomoza, na anasimama mbele yangu mpaka nionyeshe sehemu ya chini ya bakuli.

Kisha anachukua makapi ya dawa, anayamwaga katikati ya njia mbele ya lango. Najua na nyumbani watu hufanya hivyo, ili wapita njia wakanyage na ugonjwa uondoke na viatu vyao. Lakini Zhangshu njia ni nyingi. Hapa ni moja tu, na kila mtu wa Shangping anapita kwenye makapi yangu akienda shambani. Bibi Tang wa nyumba ya juu hunisalimia hivi: "Bibi harusi, leo nimekukanyaga tena. Bado tu?"

Mavyaa amesema atanivumilia mpaka Sikukuu ya Makaburi. Hataki kusimama mbele ya kaburi la mumewe mwaka mwingine bila habari ya mjukuu. Mwezi wa nne ukifika mimi bado hivi, atanirudisha kwa Baba na sanduku langu. Amelisema hilo mezani, akinichotea mboga.

Dawa yenyewe ni ya moto mno. Midomo ina vidonda, pua inatoka damu nikiinama kuosha nguo. Nimekufungia kijiko kimoja cha makapi kwenye karatasi, nimeyakausha juani. Wewe sasa ni mtu wa dawa. Niambie nakunywa nini. Usimwonyeshe Babu, ataumia.

Kitanda changu bado kipo, au Mama ameweka magunia juu yake? Nauliza tu.

Dada yako,
Meiyun


Zhangshu, 8 Novemba 1987

Dada,

Nimesubiri siku ambayo Babu amekwenda soko la mizizi, nikamwaga makapi yako kwenye sahani nyeupe na kuyatenganisha kwa kijiti. Nimeyatenganisha mara mbili. Mara ya pili nilitumaini nimekosea.

Kuna mbegu za mlangamia. Hizo huwezi kuzificha, kwa sababu zikichemka hupasuka na kutoa uzi mweupe uliojikunja. Kuna tunda jekundu la gouqi lililofifia, kuna tunda la miiba, kuna kitunda kile chenye ladha tano, na kuna mbegu nyeusi zinazoteleza kwenye vidole. Babu huziita mbegu tano. Juu yake mtu ameongeza jani la mbuzi kwa wingi, na ndilo linalokuchoma midomo.

Zote ziko upande wa mashariki, dada. Kila wiki nazipima kwa ajili ya wale wanaoumwa migongo. Anayeandika mchanganyiko huu ameshika kifundo cha mkono wa mwanaume na kusikiliza mpigo wake. Hakuna daktari anayemwandikia mwanamke dawa hii, wala kwa kusimuliwa na mumewe.

Nimekaa na sentensi hii siku nzima: nadhani shemeji alipimwa yeye, akaambiwa yeye ndiye mwenye tatizo, akafika nyumbani akashindwa kumwambia mama yake.

Dukani nimefundishwa nisitamke kilichomo kwenye karatasi ya mtu. Nimevunja agizo hilo kwa ajili yako, na sijutii. Acha kunywa dawa hiyo. Mwonyeshe mavyaa barua hii kama ni lazima. Usikubali kurudishwa kwa kosa lisilo lako, watu wakakuita tasa maisha yako yote. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Meiqing


Shangping, 30 Novemba 1987

Kwa shemeji Rao Meiqing, salamu.

Naandika mimi kwa niaba ya dada yako kwa kuwa mikono yake imepasuka kwa baridi. Hajambo. Amepokea barua yako ya tarehe 8. Anakushukuru kwa kujali afya yake.

Daktari wa wilaya ni mtu mwenye uzoefu, na alinieleza kwamba dawa za mbegu hufaa watu wa aina nyingi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Naomba pia usiandike tena mambo ya namna hii. Barua zetu zinafikia ofisi ya kijiji, na mama yangu ni mtu mzima.

Nina swali moja, si langu. Hapa karakana ya useremala yuko mwenzangu ambaye naye aliandikiwa dawa kama hiyo, na hakuinywa kwa sababu za kinyumbani. Anataka kujua kama miezi minane imeshapita bila kuinywa, je, bado kuna faida kuanza? Na je, lazima mtu mwingine ajue?

Ukipata nafasi unijibu kwa jina langu.

Gan Youfu


Zhangshu, 12 Desemba 1987

Shemeji Youfu, shikamoo.

Namjibu rafiki yako kama ninavyowajibu watu dukani, bila kuinua uso.

Mwambie bado kuna faida. Babu anasema mwili wa mwanaume unahitaji siku mia moja kabla dawa haijaonyesha kitu, na wengine hurudi hapa na peremende za kugawa kwa furaha ya mtoto wakati walikwishakata tamaa. Wengine hawarudi, sitakudanganya. Lakini haiwezekani mke akanywa kwa niaba ya mume. Dawa haivuki kutoka tumbo moja kwenda jingine. Hata wakila chungu kimoja.

Mwambie pia kwamba wako wengi. Nilidhani ni watu wachache wenye bahati mbaya, sasa najua ni walimu, madereva, waashi, na yule afisa mwenye kofia. Hakuna aliyepungua urefu kwa sababu yake.

Kuhusu kama lazima mtu mwingine ajue, mimi ni mdogo, sijui mambo ya nyumba za watu. Ila yuko mtu mmoja anayemwagwa njiani kila asubuhi kwa jina ambalo si lake, na ana mpaka mwezi wa nne. Rafiki yako akisema neno moja mezani, huyo mtu atabaki nyumbani kwake. Shemeji, nakuomba umwambie aseme.

Meiqing


Shangping, 10 Januari 1988

Meiqing,

Mikono yangu ni mizima, kama unavyoona. Haikupasuka hata siku moja.

Barua yako ya Novemba Youfu aliifungua ofisini, akaisoma njiani. Akanifuata bandani nilipokuwa napukuta maranda ya mbao, akanipa, akasimama hapo huku nasoma. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshika randa kwa mikono miwili kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha wizi. Sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu miezi yote hiyo alikuwa anajisikiaje akiniona natoka damu puani. Akasema kila siku alikuwa anakusudia kusema siku inayofuata.

Jibu lako kwa "rafiki" yake pia nimeliona. Lilimliza. Nilimwekea bakuli la dawa juu ya meza yake ya kazi ili aanze yeye. Aliliacha likapoa, akalimwaga kwenye maranda. Kwake kuinywa ni sawa na kupanda juu ya paa na kutangaza. Basi sasa naipokea kwa mavyaa, ambaye siku hizi amechoka kunisimamia, naivukisha mpaka nyuma, nampa nguruwe. Nguruwe wetu hatulii tena. Amevunja ua mara mbili, na mavyaa anashangaa ana nini mnyama huyu mwaka huu.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi na Youfu tumezungumza na tumeelewana. Jambo hili nitalibeba mimi mpaka Sikukuu ya Makaburi. Usimwambie Baba, wala Mama, wala Babu. Mavyaa ameshaanza kumwalika mshenga, wanamtaja binti wa akina Xie wa bonde la chini. Mwache aalike. Watakaposema mimi ni tasa, waache waseme. Vidonda vimepona, nakula vizuri, mgongo wangu ni mpana.

Baada ya siku hiyo nitakueleza yote. Sasa siwezi, hujui mikono mingapi inaigusa barua kabla ya mkono wako. Niahidi tu.

Meiyun


Zhangshu, 19 Januari 1988

Dada,

Nimeahidi. Nimeandika neno hilo moja tu na tayari naliona zito.

Sielewi kwa nini unakubali. Naelewa kwamba unamwonea huruma. Lakini nani anakuonea huruma wewe? Kila nikifungua droo ya mlangamia nakuona umesimama na bakuli. Nitanyamaza kwa sababu umeniomba, na kwa sababu kunyamaza ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

Kitanda chako kipo. Kulikuwa na magunia, nimeyatoa.

Meiqing


Zhangshu, 26 Machi 1988

Dada,

Nimevunja ahadi. Nakuandikia haraka ili usikie kwangu kabla hujaona uso wa mavyaa wako, ingawa huenda yeye atafika kabla ya posta.

Alikuja juzi dukani. Sikujua anakuja. Alikuwa amevaa koti la sikukuu, na kikapu cha machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, zawadi ya kuwaaga wakwe. Nyumbani hakukuwa na mtu, Baba na Mama walikuwa shambani, basi akaelekezwa kwa Babu. Palikuwa na wateja wanne: Shangazi Xiong, mke wa mwalimu Pi, na wanaume wawili wa mgongo.

Alimsalimia Babu kwa heshima sana. Kisha akasema, bila kupunguza sauti, kwamba wasilaumiane. Amemnywesha dawa mwaka mzima, amemchemshia kwa mikono yake, na mwili wa binti yenu haupokei. Siku ya Makaburi ikipita atamleta na sanduku lake, hakuna kilichopungua. Babu alikuwa ameinamisha kichwa. Dada, sijawahi kumwona Babu ameinamisha kichwa mbele ya mtu.

Shangazi Xiong akamuuliza kama na kijana wake amepimwa.

"Mwanangu?" mavyaa akasema. "Mwanangu anabeba gogo la msonobari peke yake, bega moja."

Watu wakacheka, hata wale wanaume wawili wakacheka, na mmoja wao alikuwa ameshika mfuko wa mbegu tano mkononi. Nadhani ni kile kicheko. Nilisikia mtu anasema kwamba Dada hana kasoro, na huyo mtu alikuwa mimi.

Nilisema polepole. Labda hakuna aliyesikia, na ningeweza kuishia hapo. Lakini mavyaa aligeuka, akaniuliza, "Umesemaje, mtoto?"

Nikainua uso. Nikasema: "Dawa mnayomnywesha Dada ni ya wanaume. Aliandikiwa shemeji Youfu. Yeye ndiye anayetakiwa kuinywa."

Hakuna aliyecheka. Mke wa mwalimu Pi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mavyaa alinitazama, si kwa hasira, alikuwa kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Kisha akachukua kikapu chake na mianzi yake akatoka.

Babu alifunga duka kabla ya wakati. Nilimweleza nilichokiona, akaniambia ni kweli, yeye mwenyewe angeyatambua makapi yale. Akaniambia pia kwamba katika miaka arobaini na sita hakuna siri ya mtu iliyowahi kutoka kwenye meza ile. Hakunipiga wala hakunifokea. Alikwenda kulala bila kula.

Najua niliahidi. Lakini zilibaki siku kumi tu, nao walikuwa wanacheka. Sasa hawawezi kukurudisha, Dada. Kila mtu anajua si wewe. Nisamehe kama unaweza, lakini nimefurahi.

Meiqing


Shangping, 15 Aprili 1988

Meiqing,

Naandika kwa penseli katika banda la nguruwe. Barua hii ataibeba muuza uyoga ndani ya gunia lake, kwa kuwa siruhusiwi tena kwenda posta. Barua zako zote sasa zinafika kwanza kwa mavyaa, na Youfu anamsomea kwa sauti mezani. Ile ya tarehe 26 niliisikia hivyo, nikiwa nimeshika vijiti vya kulia. Alipofika mahali pa "nimefurahi" aliacha kusoma. Mama yake akamwambia aendelee, naye Youfu akasema hakuna zaidi.

Niliahidi kukueleza. Sasa kwa kuwa hakuna cha kulinda tena, nitakueleza.

Barua yako ya kwanza kuhusu mbegu ilinipa kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho katika nyumba hii. Nilimwambia Youfu: mimi nitanyamaza, nitabeba jina la tasa, na wewe siku ya Makaburi utaweka sahihi ya talaka bila ubishi, na cherehani yangu itatoka nami. Akakubali. Karatasi aliiandika mwenyewe, ilikuwa chini ya kisanduku cha misumari. Meiqing, nilikuwa sisubiri kufukuzwa. Nilikuwa nasubiri kutoka. Unakumbuka ulivyokuwa unachora vistari ukutani ukihesabu siku za kufunga shule? Mimi vyangu nilivichora kwenye nguzo ya banda hili. Vilibaki kumi.

Kuitwa tasa kulikuwa bei ndogo. Ningerudi Zhangshu, watu wangenong'ona mwaka mmoja, wangechoka, nami ningekuwa nashona nguo chini ya dirisha la Mama.

Mavyaa alirudi siku ile ile, akatembea kutoka stendi bila kupumzika. Hakunitukana. Aliketi mezani akasema: "Huyu haendi popote. Akienda akaolewa kwingine akazaa, mwanangu amezikwa akiwa hai." Youfu alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda karakanani akaleta ile karatasi, akaichana vipande vidogo, akavitia kwenye jiko. Hakunitazama.

Binti wa akina Xie hatajwi tena. Nani atathubutu kumleta mwanamke wa pili, naye akakosa kuzaa, dunia ikajumlisha? Inabidi niwe mimi, na inabidi nibaki. Mavyaa ameongeza dawa, sasa ni asubuhi na jioni, na makapi anayamwaga mara mbili, mbali zaidi, mpaka karibu na kisima, ili kila mtu aone ni nani mgonjwa wa nyumba hii. Anawaambia watu wa Shangping kwamba huko Zhangshu kuna mtoto aliyechanganyikiwa kwa kufeli mtihani. Lakini anaogopa habari isije ikapanda mlima kufika huku. Nikienda kisimani anakuja. Nikienda choo anakohoa nje.

Ningependa kukukasirikia, nimejaribu siku mbili nzima. Hujawahi kujua kusema uongo tangu ukiwa mdogo, na mimi ndiye niliyekulea hivyo, nikikupa karanga kila ukikiri kosa.

Ukiandika, andika habari za mvua na mavuno. Usije. Ukija wewe, atanifungia chumbani na utaambiwa nimelala.

Meiyun


Zhangshu, 3 Mei 1988

Kwa Mama Gan, mama mkwe wa dada yangu, shikamoo. Kwa shemeji Youfu anayekusomea, shikamoo. Na Dada pia, kama yupo mezani.

Huku mvua ni nyingi na mpunga umeshika vizuri. Naandika kuomba radhi.

Siku uliyotutembelea nilisema neno la uongo juu ya mwanao. Sikukusudia uongo, nilikosea. Nina miezi michache tu dukani, na mbegu zilizochemshwa na kukaushwa zinafanana. Babu ameyaangalia makapi mwenyewe na amenionyesha kosa langu: ile ni dawa ya kuupa joto mwili wa mwanamke, kama daktari wa wilaya alivyosema. Ameniondoa kwenye mizani. Sasa niko uani nyuma ya duka, naosha mizizi na kuikata, na sitagusa tena droo wala karatasi ya mtu.

Niliona haitoshi kukuomba radhi wewe peke yako, kwa sababu nilisema mbele ya watu. Kwa hiyo nimekwenda kwa mke wa mwalimu Pi, nimekwenda kwa wale wanaume wawili nyumbani kwao, nikiwa na Baba, nikawaambia kwamba nilikosea. Kwa Shangazi Xiong nilikwenda sokoni asubuhi, watu wakiwa wengi, ili isikike. Alicheka sana. Sasa akiona mtu ana jambo asilolielewa humwambia akamuulize Meiqing, msomaji wa makapi, na soko zima linacheka. Jina la shemeji ni safi hapa Zhangshu. Unaweza kumtuma mtu yeyote aje aulize.

Mwenye kasoro ni dada yangu, kama ulivyotueleza. Baba anakubali, Mama anakubali, na Babu ambaye ni mganga anakubali. Anasema mwili wake ni baridi tangu utotoni na hatazaa, hata akinywa miaka kumi. Tumewaeleza hivyo majirani wote, na mshenga wa hapa kwetu tumemwambia asijisumbue, ili mwanaume mwingine asije akadanganyika. Shemeji bado ni kijana. Ni vibaya nyumba yenu ikose mjukuu kwa ajili ya mtu kama huyo.

Baba atafika Shangping tarehe 20 na mkokoteni. Hatutadai chochote. Cherehani ikiwawia vigumu kuitoa, ibaki. Karatasi ya talaka imeandikwa hapa na sababu imeandikwa kwa herufi kubwa, kwamba mke hazai; shemeji ataweka sahihi chini yake.

Dada, usinijibu barua hii, na usibishe. Umewaletea hasara watu hawa. Fanya unavyoambiwa.

Niliyekosea,
Rao Meiqing